Walivyouharibu Wimbo wa Chai

Niliusikia kwanza Kasese, karibu na stendi ya teksi, nikiwa na chapati na mayai mdomoni. Kijana anayeuza vocha za simu alikuwa ametoa spika yake nje, na wimbo ukatoka humo ukirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Sikuutambua mara moja. Ngoma zilikuwa za haraka, sauti ya mwimbaji imepitishwa mashineni mpaka ikawa nyembamba na tamu ya kukera, na wanaume waliokaa juu ya bodaboda zao walikuwa wanatikisa mabega. Kisha nikayasikia maneno. Nilikitema kile chakula kwenye karatasi yake, na mwenye kibanda akanikodolea macho akidhani nimekuta nzi.

Afadhali ingekuwa nzi. Maneno yale yalikuwa ya rafiki yangu, na rafiki yangu amekufa. Waliokuwa wakiyarusharusha kwenye spika ni watu walewale waliokaa msibani kwake wakaimba mpaka wanaume wazima tukaficha nyuso.

Nianze na huyo rafiki. Mimi na yeye tulikuwa na gari moja la mizigo. Mimi ni Mwislamu wa hapahapa Kasese. Yeye alikuwa Mkatoliki wa Butembo, Kongo, aliyevuka mpaka na mke wake wakati kwao kulipochafuka, wakapanga nyumba Bwera. Tulichukua samaki Kahendero, ziwani, tukawashusha soko la Bwera. Safari ya kurudi tulibeba mawese kutoka ng'ambo, au tulipita Munkunyu tukapakia maharage. Aliniita Haji, ingawa Makka naijua kwa picha ya ukutani tu. Alisema ndevu zangu zimeshakwenda kuhiji, zinanisubiri mimi.

Kila tulipomaliza kupakia, kabla ya kuwasha injini, alimpigia mke wake simu na kusema maneno yaleyale: "Unibakishie chai, niko mu njia." Hakutanguliza salamu wala hakuaga. Mara nyingi hata njiani hatukuwa. Tulikuwa bado tunabishana na wavuvi juu ya barafu. Nikimwambia acha uongo, anacheka. "Haji, mwanamuke akijua niko mu njia, chai haipoe."

Alianguka Kahendero, kando ya mizani ya samaki, simu ikiwa bado mkononi. Presha. Alikuwa ameshampigia mke wake. Mimi ndiye niliyempeleka Bwera kwa gari letu wenyewe, na tulipofika, chupa ya chai ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa.

Sasa lile kundi. Walikuwa watatu: dada mmoja wa Butembo aliyeimba, kijana wa Bwera aliyekuwa fundi wa simu na ndiye aliyeendesha mashine za muziki, na Mkonzo mmoja mwenye shamba la kahawa aliyepiga filimbi. Kazi yao ilikuwa matanga. Kwa watu wa Beni na Butembo waliohamia upande huu, msiba bila wao ulionekana haujakamilika. Sisi Waislamu hatuna mambo hayo. Tunazika, tunasoma dua, kila mtu anarudi kwake. Kwa hiyo nilipokwenda kukaa msibani kwa rafiki yangu nilichagua benchi la karibu na lango, nikiwa tayari kuchukizwa.

Wana utaratibu wao, au niseme walikuwa nao. Kabla ya kuimba, yule dada aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka karibu na mjane, shemeji yangu, akaomba neno. Ndivyo walivyoita, kuomba neno. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia.

"Mama, alikuwaka anasema nini kila siku? Ile neno hata mutu wa njiani angesikia angejua ni yeye?"

Shemeji aliona aibu. "Ni ya chai tu," akasema. "Alikuwaka anapiga simu, anasema unibakishie chai, niko mu njia. Haina kitu ingine."

"Alikuwaka anaisema namna gani?"

Shemeji akaisema. Dada akamwambia aiseme tena. Akaisema tena, na midomo ya dada ikawa inamfuata bila kutoa sauti, mpaka ikashika kila kitu: pale alipovuta pumzi baada ya chai, pale sauti iliposhuka mwishoni kama mtu anayekaa kitini baada ya kazi. Hakuandika popote. Alipotoka nje alikuwa amembeba yule mtu kinywani.

Wakaimba wakiwa wamekaa, na sisi tumekaa, kwa kuwa kwenye nyimbo zile hakuna aliyesimama. Mashine ilitoa besi nzito iliyonifikia kwa kupitia benchi kabla ya kunifikia masikioni. Ngoma ilitembea polepole, hatua ya mtu mwenye gunia kwenye mlima. Filimbi ilikuja kwa mbali, ikapotea. Dada hakuimba hasa. Alisema tu, kwa sauti ya chini, maneno yale ya chai, na alasiri nzima hakuongeza mengine. Nilijikuta nimeshika mkono wa mzee mmoja nisiyemjua. Neno likishaimbwa hivyo lilikuwa mali ya nyumba ile. Waliliimba kwenye matanga ya nyumba hiyo na kwenye misa ya mwaka, na mahali pengine hawakuligusa.

Mgeni mmoja kutoka Kampala, mtu wa mashirika, aliwahi kuniambia kwamba muziki wa namna hiyo huko Ulaya una jina, unaitwa triphopu. Nilidhani ananitajia ugonjwa wa kuku. Akanifafanulia: midundo ya mashine iliyopunguzwa mwendo, besi nzito, sauti ya kunong'ona, huzuni isiyo na haraka. Nikamwambia hao wa Ulaya basi wamefiwa kama sisi. Tangu siku hiyo nikawa nalitaja neno hilo kwa madereva wenzangu, najifanya mjuzi. Nilikuwa na nyimbo zao kwenye flashi ya gari, zile ambazo nyumba zenyewe ziliwaruhusu kuzitoa, na nilimpigia kila niliyempa lifti, apende asipende.

Wimbo wa chai haukuwa kwenye flashi yangu. Ulikuwa kwenye simu ya shemeji peke yake. Fundi alimwekea baada ya matanga, na jioni, alipowasha mkaa, saa zile ambazo simu ya mumewe ilizoea kulia, aliuweka. Hakuwa na sauti ya mumewe popote. Nani humrekodi mtu anayepiga simu kuomba chai? Alichobaki nacho ni yule dada anayesema kama yeye, na aliniambia wazi: akifumba macho, ni yeye.

Kisha akaja manejeri. Alitoka Kampala na viatu vyeupe, katika mji wenye vumbi kama wetu, na hilo peke yake lingetosha kuwafungua watu macho. Akawaambia wana kipaji ila wanazikwa nacho. Wakaenda. Mpiga filimbi alikaa nao wiki chache, akarudi kwenye kahawa yake, na kati yao wote ndiye ninayemwamkia kwa moyo mmoja hadi leo.

Wawili waliobaki waliporudi kutembea Bwera, walikwenda kwa shemeji na sukari na sabuni. Sasa, huku kwetu mtu akiingia kwenye nyumba iliyofiwa na sukari na sabuni, amekuja kukupa pole, hata kama miezi imepita. Humwulizi shida yake. Unapokea kwa mikono miwili, unamkaribisha, unashukuru. Wakakaa, wakanywa chai, wakasema ule wimbo, Mungu akipenda, utafika mbali. Shemeji akajibu asanteni, Mungu awabariki. Alidhani wanamtakia heri. Wao wakatoka nje wakaambiana mama amekubali. Na wao ni watu wa huku! Wamekulia kwenye misiba, wanajua sukari na sabuni ni nini kuliko mimi. Hiyo ndiyo inayonichemsha damu mpaka sasa. Mgeni angefanya hivyo ningesema hajui.

Tukawa hatuna habari, mpaka siku ile ya chapati.

Niwaeleze walichokifanya, maana kusema "waliubadilisha" ni kuwapaka mafuta. Mwendo wameuongeza maradufu. Besi wameitoa, wameweka vile vikofi vya mashine vinavyosikika kwenye kila wimbo wa redioni, hata mtu akitaka kuutofautisha na mwingine hana pa kushika. Dada anaimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya jerikeni. Chai imeondolewa. Mahali pake wameweka soda, kwa sababu kuna wenye soda waliotoa fedha. "Unibakishie soda, niko mu njia!" Na kundi la wasichana linaitikia, "Kuja mbio!" Kwenye video, ambayo nililazimika kuiona kwenye basi, njia nzima ya kwenda Fort Portal, dada ana nywele za njano, fundi amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na wasichana wanatingisha makalio mbele ya friji. Rafiki yangu ndani ya friji. Nilitamani kushuka nitembee kwa miguu.

Nilipofika Bwera nilikuta shemeji ameshausikia. Anauza mawese sokoni, na soko la Bwera halifichi kitu. Majirani zake wa meza walikuwa wanamwitikia kila akipita: Kuja mbio! Hawakumkejeli. Walimwonea fahari, mumewe amekuwa mtu wa redio. Na yeye alitabasamu, ungefanyaje?

Mimi nilikuwa natafuta funguo za gari niende nikawatukane. Akanizuia.

"Usiende kugombana, Haji. Bale beko batoto ya kwetu. Ubaombe tu kitu moja. Siku ya misa ya mwaka, bakuje baimbe yangu, vile ilikuwaka. Sasa nikiweka ile ya zamani mu simu, ile ya mupya inaingia ndani yake, inaruka, inasema soda. Nikiisikia mara moja kwa kinywa chake, polepole, labda itarudi."

Niliwakuta Kasese, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea lisilo na maji. Fundi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha bwawani, akiota jua na kuangalia saruji. Niliahidi kutogombana, lakini ulimi wangu hauna breki.

"Hivi hamna haya?" nikamwuliza.

"Banange, Haji," akasema bila kuvua miwani. "Hii ni biashara tu. Wewe nauza samaki, sisi nauza muziki. Samaki ikienda polepole, si inaoza?"

"Samaki wangu hajawahi kuwa mume wa mtu."

Alicheka. Dada hakucheka. Alikuwa anapakwa rangi ya kucha na msichana wa saluni, mkono umeshikiliwa, hawezi kuondoka.

"Miye nimechoka, Haji," akasema. "Kila wiki kilio. Ya huyu, ya yule. Nilikuwa nalala na batu benye balikufa mu kichwa. Batu banataka ambianse, bacheze. Na miye piya nataka, ni mubaya?"

Mtu akichoka kulia ana ruhusa ya kunyamaza. Hilo ningempa kwa mikono yote. Lakini nani alimlazimisha kuchukua kilio cha mtu akakitengenezea friji? Nikamwambia ombi la shemeji. Mara macho yakamjaa maji, yale yale ya zamani, na akaapa kwa Bikira Maria kwamba atakuja na ataimba vile ilivyokuwa, bila malipo, hata manejeri akikataa. Nilimwamini. Niliendesha hadi Bwera nikiwa mwepesi, nikamwambia shemeji wanakuja.

Siku ya misa uani kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, masufuria ya maharage na nyama, na katekista aliyekaa mbele na kitabu chake. Walifika na gari lenye vioo vyeusi. Kabla hawajashuka, vijana wa mtaa mzima walikuwa wameshapanda ukuta na simu zao juu. Lakini dada alikuwa amefunga kitenge juu ya zile nywele, amevaa gauni la heshima, akapiga magoti kwa shemeji. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mtoto wa watu amerudi.

Wakakaa, nasi tukakaa. Besi ikaja kwa kupitia kiti, kama zamani. Ngoma ikaanza kupanda mlima wake. Dada akavuta pumzi, akasema, "Unibakishie chai," akatua pale rafiki yangu alipotua, na nilimwona shemeji anafumba macho.

"Kuja mbio!" ikatoka ukutani.

Watu wakacheka kidogo. Katekista akageuka akawatazama. Dada akanyamaza, akaanza upya. Mara hii hakufika hata mwisho. Waliitikia wa ukutani, na chini ya turubai akaitikia mpwa wa marehemu mwenyewe, na shati jeupe la misa. Halafu shangazi zake wawili wakaanza kupiga makofi, kwa ule mwendo mwingine, wa spika za stendi. Ngoma ya mashine ilikuwa inatembea huku na makofi yanakimbia kule. Nikamtazama dada. Nilimwona akijaribu, siwezi kumdhulumu. Alishika goti lake kwa nguvu kulizuia. Kisha bega moja likamtoroka. Kisha akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwenye bango. Fundi hakuhitaji kuambiwa. Kidole kikasogea mashineni, mwendo ukapanda, chai ikawa soda.

Wote wakainuka. Walicheza palepale ambapo mwaka uliopita tulikaa tukilia. Viti vilianguka. Mama mmoja alicheza na sahani ya nyama mkononi, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kiwiko, na hakujali. Kitenge kilimvuka dada kichwani, zile nywele zikatoka, na ukuta mzima ukapiga mayowe. Katekista alikuwa anachunguza viatu vyake. Niliona hata hewa ya pale ina mafuta. Nilitaka kuvuta nyaya za spika kwa meno.

Wimbo ulipokwisha, shemeji alisimama kushukuru watu, kwa sababu mwenye nyumba lazima ashukuru. Aliwashukuru waliotoka mbali, akashukuru kanisa. Akasema, "Na mume yangu, vile alikuwaka anasema..." Hawakumwacha amalize. Walimsaidia, wote kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, na nyuso zao zilikuwa zimejaa upendo kabisa. Kuja mbio! Angekuwa amedhihakiwa ningepata mtu wa kupigana naye.

Wakati wa kuondoka dada alimkumbatia. Jasho lilikuwa linamtiririka, amefurahi kweli.

"Mama, umeona vile banamupenda?"

Shemeji akasema ndiyo, ameona. Akamfungia maandazi kwenye mfuko ale njiani.

Watu walipotawanyika nilibaki kumsaidia kuosha vikombe. Kazi hiyo kwetu wanaume hatuizoei, lakini sikuweza kuondoka. Yeye aliosha, mimi nilisuuza. Vijana walikuwa bado barabarani, tunawasikia wanavyopokezana ule wimbo wakielekea sokoni.

"Haji," akasema, "weye mulikuwa naye mu gari kila siku. Ulimusikia mingi kupita miye. Mimi imenipotea. Niambie vile alikuwaka anaisema."

Nikaweka kikombe chini. Nilimwona rafiki yangu vizuri kabisa: mkono mmoja juu ya usukani, simu sikioni, magamba ya samaki kwenye mkono wa shati. Nikafungua mdomo kuyasema kama yeye. Yalitoka mbio, yakapanda juu mwishoni, na palipokuwa na chai nikasema soda.

Shemeji alinitazama kidogo tu.

"Na weye," akasema, akachukua kikombe kingine akaendelea kuosha.